Picha za Uvamizi wa Normandy: Yanayosemwa na Yanayoonekana

Dhana: Picha za Robert Capa, mpigapicha wa vita, zina ukungu kwa sababu filamu iliyeyuka kwenye chumba cha giza.

Hii ndiyo hadithi inayopendwa kuliko zote. Capa, inasimuliwa, alipiga fremu zaidi ya 100 ufukweni Omaha, Normandy nchini Ufaransa, majeshi ya Marekani na washirika wake yalipotua kuwavamia Wajerumani tarehe 6 Juni 1944. Kijana wa kusafisha filamu jijini London akaharakisha kazi, akaongeza joto kwenye kabati la kukaushia, jeli (utando wa filamu unaobeba picha) ikayeyuka, zikaokoka fremu 11 tu.

Ziangalie zenyewe. Katika ile ya askari aliyelala majini, mistari ya ukungu imevutika, kama ilivyo picha yoyote iliyopigwa kwa mkono uliotikisika shata ikiwa wazi. Jeli iliyoyeyuka haifanyi hivyo; huchuruzika na kukunjamana. Watetezi wa hadithi huelekeza kidole kwenye vitobo vya ukingoni mwa filamu: picha imeingia hadi kwenye vitobo, basi jeli ilihama. Lakini tangu mwaka 2014 wachunguzi wamelinganisha na filamu alizopiga kabla ya kutua, ambazo hazikupata ajali yoyote, wakakuta kasoro ileile. Mkebe wa filamu haukukaa barabara ndani ya kamera yake ya Contax, basi. John Morris, mhariri wa picha wa jarida la Life jijini London aliyeisimulia hadithi hii kwa miongo mingi, uzeeni alikubali kwamba huenda roli nyingine hazikuwa na kitu tangu mwanzo.

Capa hakutua na wimbi la kwanza la askari pia. Wimbi hilo liligusa mchanga saa 12:30 asubuhi. Yeye alishuka baada ya saa 2, akapiga picha chache, akaondoka na meli LCI-94. Kupiga fremu kumi hivi chini ya risasi ni ushujaa unaotosha. Haukuhitaji kutiwa chumvi.

Dhana: Ile picha ya migongo ya askari wakitoka mashuani ni ya wavamizi wa kwanza kabisa.

Jibu limo ndani ya picha. Tazama mbele, mlango wa mashua ukishalala majini: kuna watu tayari ufukweni, na magari. Ilipigwa Omaha yapata saa 1:40 asubuhi, zaidi ya saa nzima baada ya wimbi la kwanza. Mpigapicha, Robert F. Sargent, alikuwa wa Walinzi wa Pwani wa Marekani, si wa jeshi la nchi kavu, kwa kuwa mashua zilizotoka kwenye meli Samuel Chase ziliendeshwa na kikosi hicho. (Capa naye alisafiri na meli hiyohiyo.)

Mashua yenyewe ni LCVP, aina ya kushushia askari ufukweni, ya mbao za plaiwudi, urefu wa mita 11 hivi, yenye nafasi ya askari 36. Sargent alibaki nyuma, ndiyo maana kuta mbili za mashua zinaibana picha kulia na kushoto.

Dhana: Askari wa Marekani, mashua, maji ya magoti: hiyo ni D-Day, siku ya uvamizi wa Normandy.

Hapa ndipo wengi wanaponaswa. Wiki nyingi kabla ya uvamizi majeshi yalifanya mazoezi kwenye fukwe za Uingereza, hasa Slapton Sands huko Devon, na wapigapicha walikuwepo. Picha za mazoezi ni safi na zimetulia, kwa hiyo hupendwa na wanaotafuta kitu cha kubandika kila tarehe 6 Juni.

Anza na ardhi. Slapton, licha ya jina lake kumaanisha mchanga, ni ufukwe wa changarawe. Omaha ni mchanga mpana, na saa ya kwanza maji yalikuwa yamekupwa, vizuizi vya chuma na magogo vikiwa wazi. Kisha angalia bunduki: asubuhi ya uvamizi nyingi zilifungwa kwenye mifuko ya plastiki inayoonyesha ndani, kuzikinga na maji ya chumvi na mchanga. Kiunoni utaona mkanda wa kuelea wenye mirija miwili ya kujazwa gesi. Askari aliyebeba mzigo mzito akiuvaa kiunoni badala ya chini ya kwapa, ulimpindua kichwa chini miguu juu, na wengine walizama hivyo. Lakini mkanda peke yake si ushahidi. Ulivaliwa mazoezini pia.

Dhana: Picha ya meli zimepanga foleni ufukweni Omaha, maputo makubwa juu yake, ni ya siku ya kwanza.

Ni ya siku za baadaye, ufukwe ulipokuwa umegeuka bandari. Tarehe 6 asubuhi meli kubwa namna ile hazingeweza kukaa mchangani zikipakua kwa utulivu. Maputo yenyewe, ya kuzuia ndege zisishuke chini, yanavunja dhana nyingine, kwamba Wamarekani weusi hawakuwepo: kikosi cha 320 cha maputo kilikuwa chao, na kilianza kutua siku ileile.

Bendera inayosimikwa mlimani? Hiyo ni Iwo Jima, kisiwa cha Pasifiki, tarehe 23 Februari 1945, bahari nyingine kabisa. Na picha za rangi za asubuhi ya Omaha, nyingi zimepakwa rangi na kompyuta juzi. Filamu ya rangi ya Kodachrome ilikuwepo, ila ilitaka mwanga mwingi, na asubuhi ile ilikuwa ya mawingu.

Ukitaka kuhakiki, tafuta namba ya hifadhi. Ya Sargent ni 26-G-2343 katika Hifadhi ya Taifa ya Marekani: 26-G ni Walinzi wa Pwani, 80-G jeshi la majini, 111-SC kikosi cha mawasiliano cha jeshi. Picha za Waingereza zilizo Imperial War Museum huanza na herufi, kama B 5114 ya Sajini Mapham, iliyopigwa ufukwe wa Sword walikotua Waingereza. Ukishapata namba, soma maelezo ya awali ya kadi kabla ya yale yaliyoandikwa na aliyekutumia.