Waya Mnene Zaidi Si Dawa ya Besi ya Nyuzi Tano
Miongoni mwa wapiga gita la besi wa kwaya na bendi hapa Tabora imeenea dhana kwamba waya wa tano, ule wa noti B, ukilegea na kunguruma ovyo, dawa yake ni kununua mnene kuliko wote. Si kweli. Unene huongeza mkazo, lakini huongeza pia ukakamavu, na waya mkakamavu hutoa sauti butu isiyotulia kwenye noti yake ya mitetemo 31 hivi kwa sekunde. Urefu husaidia zaidi: waya uleule, kwa noti ileile, ukifungwa kwenye gita ambalo sehemu ya waya inayotetema ina urefu wa inchi 35 badala ya 34, huongezewa mkazo kwa takriban asilimia 6. Mimi ningeanza na waya wenye unene wa inchi 0.130, kabla ya kulilaumu gita (au fundi wake).