Bundi: mtazame usoni ujue familia yake

Mwaka 1758 Carl Linnaeus, mtaalamu wa viumbe kutoka Uswidi, aliwaweka bundi kundi moja na tai na tumbusi, kwa kuwa wote wana mdomo uliopinda na kucha kali. Leo bundi wana oda yao (kundi kubwa linalokusanya familia), Strigiformes, yenye spishi zaidi ya 200. Familia ni mbili tu.

Mwenye uso mweupe wenye umbo la moyo, macho meusi na miguu mirefu ni wa Tytonidae. Ndiye anayezaa kwenye dari na maghala, na usiku hutoa mkwaruzo mkali unaowaogofya watu bure. Ukucha wake wa kidole cha kati una meno kama ya kitana. Waliobaki wote ni Strigidae: uso wa mviringo, macho mara nyingi ya njano au ya chungwa. Humo yumo Bubo lacteus mwenye kope za waridi, mkubwa kuliko bundi wote wa Afrika, na yumo Otus ireneae wa msitu wa Arabuko-Sokoke na Usambara Mashariki, mla wadudu mwenye uzito wa gramu 50 hivi. Kisiwa cha Pemba nacho kina wake, Otus pembaensis, asiyepatikana kwingine duniani.

Vile vipembe vya kichwani ni manyoya tu. Masikio yenyewe yamefichwa pembeni mwa uso, na kwa bundi wa dari tundu moja liko juu kidogo kuliko jingine. Kwa tofauti hiyo anajua sauti inatoka juu au chini, hata amnase panya gizani kabisa. Macho yake hayazunguki, maana si ya duara bali yamerefuka kama mirija. Ndiyo sababu shingo yenye pingili 14, mara mbili ya zetu, hugeuka hadi nyuzi 270.

Mbawa zake hazivumi kwa sababu kingo za manyoya zina matamvua laini. Bundi mla samaki, Scotopelia peli, karibu hana matamvua hayo. Samaki aliye majini atamsikia wapi?

Chini ya kiota utakuta vidonge vya kijivu. Si kinyesi: ni mifupa na manyoya aliyoyatapika. Vaa glavu, kiloweshe kimoja, ukipasue, kisha uhesabu mafuvu ya panya.