Je, wajua kwa nini Porsche ya zamani huinuliwa kabla ya kuletwa Kenya kushindana?

Gari la mashindano kwa kawaida hushushwa. Likiwa karibu na lami haliegemei sana kwenye kona, na upepo haupati nafasi kubwa ya kupita chini yake. Lakini ukisimama kando ya barabara ya vumbi wakati wa East African Safari Classic Rally, utaona kinyume chake. Porsche 911 za miaka ya sabini, gari dogo la spoti lililozaliwa kwa ajili ya barabara laini za Ujerumani, zinapita zimesimama juu ya miguu kama mbuzi. Tumbo lote la gari unaliona.

Safari Classic ilianza mwaka 2003, miaka 50 baada ya Coronation Safari ya 1953, mbio zilizozunguka Kenya, Uganda na Tanganyika kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Hii ya sasa ni ya magari ya zamani peke yake, na mengi yake hutengenezwa Ulaya kisha yakaletwa Mombasa kwa meli.

Sababu ya kuinua ni kwamba barabara hizi hulipiga gari kutoka chini. Katika zile mbio za zamani, zilizokuja kuitwa Safari Rally, mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yalianza 93, na safari hiyo pia yakafika saba tu. Mara zote mbili walioshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404, gari la kubebea familia. Porsche nao walihangaika miaka mingi. Mwaka 1978 walileta 911 SC zilizoinuliwa hadi sentimita 28 kutoka ardhini. Vic Preston Junior, mwana wa Kenya, akamaliza wa pili nyuma ya Peugeot 504 ya Jean-Pierre Nicolas, na Björn Waldegård wa Sweden akawa wa nne. Safari Rally yenyewe Porsche hawakuishinda kamwe. Ndiyo maana wengi tulifurahi mwaka 2011, Waldegård, mzee aliyekwisha kupita miaka 65, alipoishinda Safari Classic kwa 911, mwanawe Mathias akiwa mwelekezi.

Sasa, gari lile linainuliwaje? Wengi hudhani fundi anaweka springi ndefu. Porsche 911 za enzi hizo hazina springi za waya uliojiviringisha tulizozizoea. Zina fimbo za chuma zinazojisokota: ncha moja imeshikwa kwenye bodi, nyingine kwenye mkono unaobeba tairi. Tairi likipanda juu ya jiwe, fimbo inajisokota, kisha inajirudisha. Ncha zote mbili zina meno, na hapa ndipo ninapowavulia kofia wahandisi wa zamani: kwenye fimbo za nyuma, ncha ya ndani ina meno 40 na ya nje ina 44. Ukisogeza jino moja ndani, mkono unazunguka nyuzi 9. Jino moja nje ni nyuzi 8.2 hivi. Kwa hiyo ukienda jino moja mbele ndani na jino moja nyuma nje, umebadilisha nyuzi 0.8 tu. Fundi anachomoa, anahesabu, anarudisha, anapima, na akikosea anarudia. Hivyo ndivyo Porsche inavyopata kimo chake, pamoja na fimbo nene zaidi na shokapu ndefu zenye nguvu.

Huwezi kuinua utakavyo, hata hivyo. Injini ya 911 iko nyuma, na nguvu inafika kwenye tairi kwa shafti mbili zenye viungo. Gari likipanda, shafti zinakaa mshazari, viungo vinazunguka vimejikunja, vinapata moto, grisi inayeyuka, kisha vinakatika. Fundi mzuri huacha kuinua mahali ambapo viungo bado vinapumua.

Kuinua ni sehemu ndogo tu ya kazi. Kabla ya hapo gari limefumuliwa lote, hadi likabaki bodi tupu. Kiwandani mabati yake yaliunganishwa kwa nukta za kuchomelea, moja hapa, nyingine pale. Kwa lami zinatosha. Kwa siku nyingi za mawe na makorongo, bati linaanza kuchanika kati ya nukta na nukta. Kwa hiyo fundi anachomelea maungio kwa mstari, anatia vipande vya kuimarisha pale shokapu zinapoegemea, kisha anafunga kizimba cha mabomba ya chuma ndani. Bomba za breki na za mafuta zinahamishiwa ndani ya gari, kwa sababu chini jiwe moja linatosha kuzikata. Tumbo linavishwa bamba nene.

Halafu vumbi. Injini hii haina rejeta ya maji. Inapozwa kwa hewa inayosukumwa na feni, na kwa oili, ambayo hapa hufanya kazi nusu ya rejeta. Vumbi likijaa kwenye mapezi ya silinda, joto halina pa kutokea. Likipita chujio likaingia kwenye silinda, linasaga kama msasa. Kwa hiyo njia ya hewa hupandishwa juu, na vichujio husafishwa kila jioni. Kisanduku cha umeme wa plagi hufungwa viwili sambamba, ili kimoja kikifa porini dereva ahamishe waya tu na kuendelea.

Mwisho ni kontena. Lile la futi 20 lina urefu wa ndani wa karibu mita 5.9, na 911 ya wakati huo haifiki mita 4.3, kwa hiyo mbele panabaki nafasi ya tairi na spea. Gari hufungwa kwa mikanda, tangi likiwa karibu tupu na betri imechomolewa. Forodhani linapita kwa waraka wa kimataifa wa dhamana: limeingia kwa muda, lazima litoke, lisipotoka ushuru unadaiwa.

Kuna jambo moja ningependa uliangalie ukipata nafasi ya kufika kambi ya mafundi jioni. Kila nati muhimu imepigwa mstari mwembamba wa rangi, kutoka kichwani mwake hadi kwenye chuma inachokishika. Nati ikilegea hata kidogo, mstari unavunjika. Fundi analala chini ya Porsche na tochi mdomoni, hagusi kitu, anasoma mistari mmoja mmoja. Akiona uliovunjika, ndipo ananyoosha mkono aombe spana.