Dodoma ni mji wa majabali: jinsi ya kuvipanda na kuvielewa vilima vyake

Wageni wanaokuja Dodoma kikazi hupenda kuniuliza: hivi huku watu mnatembea wapi? Mtu amekuja semina, amepita Nyerere Square, ameuona msikiti wa Gaddafi, amekula mbuzi choma mnadani Msalato, basi anaona mji ameumaliza. Mimi ni mjiolojia, na jibu langu ni lilelile siku zote: tazama vilima. Popote utakaposimama mjini hapa utaona jabali limechomoza, na nyuma yake lingine. Mandhari ya Dodoma ni hayo majabali, na ukijua yamefikaje hapo, asubuhi moja ya kutembea itakupa mengi ambayo hoteli haiwezi kukupa.

Tuanze na umri. Mwamba uliobeba Dodoma ni sehemu ya kratoni ya Tanzania, kipande cha kale cha gamba la dunia kilichokamata katikati ya nchi yetu hadi maeneo ya Ziwa Victoria. Graniti yake ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mlima Kilimanjaro, tunaojivunia sote, ulianza kujengwa na volkano yapata miaka milioni 2.5 iliyopita. Kwa hiyo jiwe unalokalia kufunga kamba za viatu kabla ya kupanda limeutangulia Kilimanjaro kwa umri mara elfu moja hivi. Kila ninapowaeleza wanafunzi jambo hili naona wanaliangalia jiwe upya, na mimi nafurahi nao.

Graniti haizaliwi juu ya ardhi. Hii yetu ilipoa polepole kilomita kadhaa chini, ikiwa imeelemewa na miamba mingine, ndiyo maana chembe zake ni kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Inama uangalie: zile nyeupe na za pinki ni felspa, zinazofanana na kioo chenye ukungu ni kwazi, na vipande vyeusi vinavyometameta ni ulanga. Baadaye mmomonyoko wa miaka mingi mno ukaondoa mzigo wa juu, mwamba ukapungukiwa na mgandamizo, ukatanuka na kupasuka kwa matabaka yanayofuata umbo la kilima. Matabaka hayo hubambuka moja baada ya jingine kama maganda ya kitunguu, ndiyo maana vilima vyetu vingi vina kichwa cha mviringo badala ya ncha.

Ukiwa juu, chukua kijiwe ugonge mwamba taratibu. Palipo pazima patatoa mlio mfupi, mkavu. Palipoachana na mwamba wa chini patatoa mlio wa kitu chenye uwazi ndani. Ukiusikia mlio wa namna hiyo karibu na ukingo, rudi nyuma, maana umesimama juu ya gamba ambalo siku moja litateremka bondeni.

Na yale mawe makubwa yaliyobebana, moja juu ya jingine, ambayo kila mgeni anauliza nani aliyapandisha? Hayakupandishwa. Yalichongwa yakiwa bado chini ya udongo. Maji ya mvua hupenya kwenye nyufa zilizokatana, yakaula mwamba kuanzia pembeni, na kona ndizo huliwa haraka kwa sababu hushambuliwa kutoka pande zaidi ya moja. Udongo uliolegea ukaja kuoshwa, mawe yakabaki yamekaa palepale yalipokuwa tangu mwanzo.

Kwa anayeanza, ninapendekeza kilima kilichozoeleka kwa jina la Lion Rock, pembezoni mwa mji. Mtu mwenye afya ya kawaida hafikishi saa nzima kupanda. Nenda alfajiri, saa kumi na mbili uwe umeshaanza, kwa sababu ikifika saa nne jua la Dodoma linakuwa kali na mwamba unaanza kurudisha joto usoni. Usiende peke yako. Nendeni kundi, simu na pochi msizichezeechezee hadharani, na mkiweza mchukue kijana wa maeneo hayo anayezijua njia. Maji chukua lita mbili, na viatu viwe vya soli ya mpira inayoshika. Kandambili ziache nyumbani.

Huko juu Dodoma inaeleweka. Unaiona reli, unauona uwanja wa ndege uliobanwa na mji, unaona majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) upande wa pili na paa za mabati zinavyozidi kusogea kwenye tambarare kila mwaka tangu serikali ilipohamia. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanyika mwaka 1973, lakini mtu aliyepanda kilima hiki kabla ya 2016, serikali ilipoanza kuhamia kweli, hawezi kuutambua mji anaouona leo.

Angalia pia michirizi myeusi inayoshuka kwenye mwamba. Hiyo ni njia ya maji wakati wa mvua, na weusi wake unatokana na vijimea vidogo sana vinavyoishi pale penye unyevu. Wakati wa kiangazi ni pakavu, unapita bila shida. Kukiwa na manyunyu, michirizi hiyo inateleza vibaya sana, na ajali nyingi za vilimani huanzia hapo. Michirizi meupe ni habari nyingine kabisa: ni mikojo ya pimbi iliyokauka, na ukiiona ujue familia yao iko ndani ya nyufa za karibu. Subiri kwa utulivu. Jua likishagonga mwamba wanatoka kuota, kwa kuwa miili yao haijitoshelezi sana kwa joto wakati wa baridi.

Kuhusu majira: mvua zetu huanza Desemba na kwisha Aprili, na kwa mwaka mzima hazizidi sana milimita 600. Mwezi wa nne na wa tano kila kitu ni kijani na hewa ni safi, unaona mbali. Mwezi wa sita na wa saba kuna baridi na upepo mkali, beba koti. Oktoba na Novemba siwashauri wageni, kuna joto na vumbi, ingawa mibuyu isiyo na jani hata moja ina uzuri wake kwa wapiga picha.

Mvua hiyo kidogo ndiyo inayonifanya nivipende vilima hivi zaidi. Jabali halinywi maji, linayamwaga yote chini, na ndiyo maana miguuni mwa vilima ndiko utakakokuta miti mikubwa, visima na mashamba. Mji wa Dodoma kwa miaka mingi umetegemea visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, vinavyochota maji yaliyohifadhiwa ndani ya graniti iliyopasuka na kuoza. Vina vya maji vya huko vimekuwa vikipimwa tangu miaka ya 1950, na watafiti waliochambua kumbukumbu za miaka 55 walikuta kwamba hazina hiyo haijazwi na mvua za kawaida. Hujazwa na misimu michache yenye mvua kubwa kupita kiasi, kama ile ya El Niño ya 1997/98. Katikati ya misimu hiyo tunakunywa akiba. Ninaomba kila anayetembelea mashamba ya mizabibu ya Makutupora alijue hilo. Mizabibu yenyewe ni ya kuona: hapa huvunwa mara mbili kwa mwaka, na hewa kavu inaipunguzia magonjwa ya ukungu yanayoisumbua penye unyevu mwingi. Nunua kikapu cha zabibu barabarani, uzioshe kwanza.

Bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, linafaa kwa siku ya kutazama ndege, lakini usiogelee, kuna kichocho. Mtera, kwenye barabara ya Iringa, ni kubwa na zuri zaidi, na perege wa kukaanga wa pale hawana mfano. Maji yake yana mamba na viboko, kwa hiyo kaa na wavuvi nchi kavu.

Sasa Kondoa, ambako kila mtu anayekaa Dodoma angepaswa kufika walau mara moja. Barabara ni ya lami, na kituo ni Kolo, mbele kidogo ya mji wa Kondoa ukielekea Babati. Toka Dodoma saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu na nusu au saa nne uko hapo. Njiani utaona makorongo yaliyochimbwa na mmomonyoko kiasi kwamba mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililoharibika zaidi. Vichaka unavyoviona leo vimerudi baada ya hapo.

Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Eneo lake lina kilomita za mraba 2,336, na mapango yenye michoro yanakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Yako kwenye mteremko wa Bonde la Ufa, ambako mitetemo na nyufa za ardhi zimekata mwamba na kuacha kuta zilizosimama wima, zenye vibamba vinavyoning'inia juu yake. Hivyo vibamba ndivyo vilivyoikinga michoro na mvua. Pasipo paa la namna hiyo, rangi isingedumu.

Michoro mingi ya zamani ni myekundu, ya udongo wenye madini ya chuma: watu warefu wembamba wenye vichwa vyenye mapambo au nywele kubwa, twiga, pofu. Inahusishwa na jamii za wawindaji, na Wasandawe wanatajwa sana. Juu yake ipo michoro meupe, minene, iliyopakwa kwa vidole, inayohusishwa na wakulima waliokuja baadaye. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alikaa hapa mwaka 1951 akiinakili kwa mkono, kazi aliyoichapisha mwaka 1983.

Pango la Mungomi wa Kolo bado ni mahali pa matambiko ya mvua na uponyaji kwa wenyeji. Ukikuta dalili za tambiko usiguse kitu, na ukiambiwa leo hapaingiliki, kubali. Lingine ninalolisisitiza kwa moyo wote: usimwage maji wala soda ukutani ili rangi ionekane vizuri kwenye picha. Maji huyeyusha chumvi zilizomo ndani ya mwamba, yakikauka chumvi hizo huganda tena na kusukuma rangi itoke. Piga picha jua likiwa pembeni, kabla ya saa tano, bila mwanga wa kamera.

Lipa kiingilio kwenye ofisi ya mambo ya kale pale Kolo na uchukue mwongozaji, kwani mapango yametawanyika na kupanda kwake kuna mawe legelege. Kundi la mapango ya Mungomi linatosha kwa siku moja. Mkitaka zaidi laleni Kondoa mjini, pana nyumba za wageni za bei nafuu, na asubuhi yake mwende Ziwa Haubi, ambalo hujaa na kukauka kulingana na mvua za miaka husika. Ukiwapita wazee wa Kigogo njiani ukirudi, wape mbukwenyi, salamu yao. Utaelekezwa njia na utakaribishwa maji.