Cheti cha ukutani na leseni: tunayoambiwa sisi wanaembriolojia, na yalivyo

Nikirudi nyumbani Njoro wakati wa Krismasi, baba mdogo hunitambulisha kwa wageni vilevile kila mwaka: "Huyu wetu anafanya AI, lakini ya watu." Watu hucheka. Mimi ni mwanaembriolojia: nafanya kazi katika maabara ambako mayai ya binadamu hutungishwa nje ya mwili. Kwa wafugaji wa Nakuru, AI haihusiani na kompyuta; ni kumpandikiza ng'ombe mbegu za dume bila dume mwenyewe kuwepo. Ni yule jamaa wa pikipiki mwenye mtungi wa naitrojeni nyuma, unayempigia simu alfajiri ng'ombe akianza kutaka dume.

Nilikuwa nikikasirika. Siku hizi nacheka nao, maana baba mdogo hajapotea mbali. Robert Edwards, mwanasayansi ambaye kazi yake ilituletea Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani kutungwa nje ya mwili, alianza kwa kusomea kilimo huko Bangor, Wales. Uzamivu aliupatia Edinburgh mwaka 1955, katika jenetiki ya wanyama. Na mtungi wangu wa naitrojeni una baridi ileile ya mtungi wa pikipiki: nyuzi 196 chini ya sifuri.

Dhana ninayokutana nayo kila siku ya kazi hapa Kisumu ni kwamba mimi ni daktari. Wagonjwa wananiita hivyo, na wengine hunionyesha tumbo. Edwards mwenyewe hakuwa daktari wa tiba. Daktari alikuwa Patrick Steptoe, na mtu wa tatu katika kazi hiyo, Jean Purdy, alisomea uuguzi kabla ya kuingia maabara. Louise alizaliwa Oldham tarehe 25 Julai 1978. Purdy alifariki mwaka 1985 akiwa na miaka 39, na Nobel ilipotolewa mwaka 2010 aliitwa Edwards peke yake, kwa kuwa Steptoe naye alikuwa amekwisha kufariki. Kwa miaka mingi jina la Purdy lilitajwa kwa nadra, ingawa yeye ndiye aliyekuwa kwenye hadubini. Ukiniuliza kwa nini watu wa fani yetu wanasumbuka sana na suala la kutambuliwa, nitaanzia kwa huyo mama.

Mgawanyo wa kazi ni huu. Daktari huvuna mayai, na siku kadhaa baadaye hurudisha kiinitete, yaani yai lililotungishwa likaanza kukua, kwenye mji wa mimba. Yanayotokea katikati ni yetu. Tunatafuta yai kwenye majimaji, yai lenye upana wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita, tunalikutanisha na mbegu, na saa 16 hadi 18 baadaye tunachungulia kuona kama viini viwili vimejitokeza, kimoja cha mama na kimoja cha baba. Ukichelewa, viini hivyo huwa vimeshatoweka, na hutajua tena kama yai lilitungishwa sawasawa au liliingiliwa na mbegu mbili. Ndiyo sababu kuna Jumapili sionekani kanisani.

Sasa tuje kwenye makaratasi, na hapa ndipo uongo umejaa.

Mwaka juzi alinijia kijana mmoja, shahada yake ya biolojia safi kabisa, na cheti kingine chenye muhuri wa dhahabu. Alikuwa amesafiri ng'ambo kwa mafunzo ya wiki mbili. Mamake aliuza ng'ombe wawili kulipia. Kwenye wasifu wake alikuwa ameandika "mwanaembriolojia mwandamizi". Nikamuuliza, "Mdogo wangu, umeshika mayai mangapi ya binadamu kwa mikono yako?" Akanyamaza, kisha akasema walifundishiwa mayai ya panya na ya ng'ombe. Hakuwa mwongo. Waliomfundisha ndio waliompa hilo jina, pamoja na risiti.

Mafunzo mafupi si mabaya. Mimi mwenyewe nimeyahudhuria, na mkono hujifunza. Kosa ni kudhani yanampa mtu cheo. Chama cha Ulaya cha uzazi wa binadamu na embriolojia, ESHRE, ambacho cheti chake ndicho kinachotajwa zaidi katika kazi hii, kilianza kuwatahini wanaembriolojia mwaka 2008, na kina ngazi mbili. Ngazi ya kwanza inataka shahada ya sayansi na miaka 3 ya kushika kazi yenyewe katika maabara ya binadamu. Ngazi ya mwandamizi inataka uzamili au uzamivu na miaka 6. Juu ya hayo kuna daftari la kazi: ni utaratibu gani umefanya, mara ngapi, na sahihi ya msimamizi. Baada ya hapo ndipo unakubaliwa kufanya mtihani. Wiki mbili hazina pa kuingia humo.

Yule kijana nilimwonyesha daftari langu la kwanza, lenye doa la chai ukurasa wa nne. Alilifunua polepole sana.

Dhana nyingine inawanasa hata wenye vyeti halali: ukishapita mtihani wa Ulaya, basi una leseni ya kufanya kazi popote, Kenya ikiwemo. Hapana. Kuna karatasi tatu, na watu huzichanganya kama nyanya na vitunguu kwenye kikapu kimoja. Ya kwanza ni shahada, ushahidi kwamba ulisoma. Ukiwa umesomea nje, Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Kitaaluma, KNQA, ndiyo inayoitambua na kuilinganisha na za hapa. Ya pili ni usajili wa dola. Madaktari wana baraza lao, na watu wa maabara za tiba wana bodi yao, KMLTTB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Karatasi ya tatu ni cheti cha chama cha kitaaluma, kama hicho cha ESHRE. Hiki kinasema wenzako wamekupima wakaona unajua. Hakisemi serikali imekuruhusu.

Tatizo letu ni kwamba sheria ya 1999 iliandikwa ikimwazia mtu wa kupima malaria na damu. Mwenye shahada ya zoolojia aliyebobea katika kiinitete hakuwa akilini mwa yeyote. Mbunge wa Suba Kaskazini, Millie Odhiambo, mtu wa huku kwetu ziwani, amesukuma mswada wa uzazi wa kusaidiwa kwa zaidi ya mwaka mmoja na zaidi ya Bunge moja. Nasikia watu wakiuita "mswada wa kukodisha matumbo", kwa maana ya mwanamke kumbebea mwingine mimba. Wanaosema hivyo hawajafika kwenye sehemu zinazohusu nani apewe leseni, na kwangu hizo ndizo zenye uzito.

Kwani majuu wamenyoosha kila kitu? Si kweli pia. Uingereza, neno "mwanaembriolojia" peke yake halilindwi na sheria. Linalolindwa ni jina la mwanasayansi wa kliniki, na kulitumia bila kuwa kwenye sajili ya HCPC, baraza la huko linalosajili wanataaluma wa afya, ni kosa. Njia ya kawaida ya kulifikia ni mafunzo ya miaka 3 yanayobeba uzamili ndani yake. Anayetaka kufika ngazi ya mshauri ana mafunzo mengine ya miaka 5, pamoja na mitihani ya chuo cha kifalme cha wanapatholojia. Miaka minane, na hujahesabu shahada ya kwanza. Marekani wao wana bodi zinazotahini wakurugenzi wa maabara, hadithi ndefu ambayo haitamsaidia mtu wa Kondele.

Halafu kuna hii ya kwamba uandamizi ni umri: ukikaa sana kwenye maabara, utakuwa mwandamizi tu, kama mti. Hapa nitakaa kidogo.

Chukua inkubeta, kabati ambamo viinitete hulelewa kwa nyuzi 37. Ndani huingizwa gesi ya kaboni dayoksaidi, ambayo huyeyuka kwenye majimaji ya kulelea na kuweka kiwango cha asidi pale kinapotakiwa. Tuseme kitabu cha mashine kinasema weka asilimia 6. Kitabu hicho kimeandikiwa mtu aliye usawa wa bahari. Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi, na kanieneo ya hewa ni kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Ndiyo sababu maharagwe ya mama yangu huchelewa kuiva. Basi ile asilimia 6, ukiiweka Nakuru, hufanya kazi ya asilimia 4.8 ya pwani. Kioo cha mashine kinaonyesha 6, kengele haipigi, kila kitu kinameremeta, na viinitete vinateseka kimyakimya. Kisumu, mita 1,130 hivi, shida ni ndogo zaidi lakini ipo.

Fundi aliyekaa miaka kumi anaweza kuiweka 6 kila asubuhi kwa miaka kumi. Mwandamizi hupima asidi ya majimaji yenyewe, hupandisha gesi hadi kipimo kikae sawa, huandika alichofanya, na hurudia kupima chupa mpya ya majimaji ikifunguliwa. Nimeona maabara moja, si ya karibu, ambako matokeo yalianguka kwa miezi na lawama zikaenda kwa mayai ya akina mama. Ilikuwa gesi. Hakuna aliyekuwa amepima.

Mwezi uliopita walikuja mume na mke, wauza samaki wa Dunga. Mke alikuwa amesimama mbele ya cheti changu cha ESHRE ukutani kwa muda, akisoma kila mstari. Akaniita.

"Dada, hapa pameandikwa tarehe. Inaisha?"

Nikamwambia ndiyo. Cheti hicho si cha maisha. Lazima niendelee kusoma na kukusanya alama za mafunzo, la sivyo jina linaondolewa kwenye orodha, orodha ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua kwenye simu yake na kuangalia.

"Kumbe ni kama bima ya matatu," mumewe akasema.

Mke hakucheka. Alitoa simu kwenye mkoba, akaniomba nimtajie herufi za jina langu moja moja, akaanza kutafuta. Nilisimama pale nikisubiri, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayengoja matokeo.