Ndege wa Cape May, mfuata viwavi

Chozi tunamjua: ndege mdogo wa mdomo uliopinda, anayeninginia kwenye ua la mgomba akifyonza mbochi. Huko Kanada yuko ndege asiye na undugu naye, ila ulimi wake nao umejikunja nusu mrija, ncha yake ikachanika nyuzinyuzi. Kitaalamu ni Setophaga tigrina. Dume ana kifua cha njano chenye michirizi myeusi na doa la rangi ya kutu shavuni. Uzito wake ni gramu 11 hivi, hazifiki vijiko vitatu vidogo vya sukari.

Jina la Cape May alilipata kwa bahati. Mwaka 1811 mtaalamu wa ndege Alexander Wilson alimwelezea kutokana na ndege mmoja aliyepigwa risasi Cape May, jimbo la New Jersey, Marekani, akiwa mpita njia. Ikapita zaidi ya miaka 100 bila kuonekana tena pale. Ni kama kumwita mtu Mchalinze kwa sababu basi lake lilisimama Chalinze akanunua maji.

Kwao hasa ni misitu ya misprusi, miti ya jamii ya msonobari, huko Kanada na kaskazini kabisa mwa Marekani. Anategemea viwavi wa nondo wanaotafuna machipukizi ya miti hiyo. Viwavi hao huwa haba kwa miaka mingi, kisha hufumuka, kila baada ya miaka 30 hadi 40 hivi, msitu ukawa wa kahawia. Mwenye miti analia, ndege anashiba. Jike ambaye kwa kawaida hutaga mayai 6 anaweza kufikisha 9. Viwavi wakiisha, naye hupungua, kama ilivyokuwa baada ya mlipuko wa miaka ya 1970. Ndiyo maana nikionyeshwa takwimu zake za miaka kumi tu, sishtuki haraka.

Kiota hukaa karibu na kilele, kando ya shina. Jike harukii kiotani moja kwa moja: hutua chini mtini, akapanda kimyakimya tawi kwa tawi. Anayekitafuta huambulia maumivu ya shingo.

Baridi ikikaribia huhamia visiwa vya Karibi, na huko ndiko ule ulimi hufanya kazi. Ni mgomvi, ua alilolishika halisogelewi.

Wasomaji wetu mlioko jimbo la Maine, Marekani, mtazameni katikati ya Mei. Nusu ya chungwa iliyochomekwa tawini humvuta. Wimbo wake, sii-sii-sii-sii, ni mwembamba mno, na wengi wetu tuliokwisha kula chumvi hatuusikii tena. Nendeni na mtoto.