Hadi diski, SSD na hilo linaloitwa memori

Juzi nilikuwa kwenye kibanda cha fundi wa kompyuta nikisubiri chaja yangu itengenezwe, akaingia kijana mwenye laptopu ya zamani na kusema: "Fundi, naomba uniongezee memori, imejaa." Fundi akafungua mfuniko wa chini, akachomoa RAM ya GB 4, akapachika ya GB 8 na kupokea fedha yake. Kijana alipowasha mashine akakuta ule mstari mwekundu wa nafasi iliyojaa uko pale pale, na ubishi ukaanza. Kwa kweli hakuna aliyemdhulumu mwenzake, kwani kila mmoja alilitumia neno lile lile kwa maana yake.

Basi tuanze na maana, ambayo haina mengi. Hadi diski ni kifaa kinachotunza mafaili, programu na mfumo endeshi (kama vile Windows) hata mashine inapozimwa, na kuibadilisha ni kuitoa na kuweka kifaa kingine cha kazi hiyo hiyo, ambacho siku hizi kwa kawaida huwa SSD. Memori, ambayo mafundi huiita RAM, ni mahali kompyuta inapoweka kile inachokifanyia kazi kwa wakati huo, na umeme ukikatika vilivyomo hupotea. Hivyo ni vitu viwili, na kila kimoja kina mahali pake pa kuchomekwa.

Kinachonisumbua zaidi ni majina yenyewe. Diski kwa asili ni sahani. Neno limetoka kwa Wagiriki, ambao kwao lilikuwa kile kisahani kizito kinachorushwa na wanariadha, na wazee wetu waliosikiliza muziki wa gramafoni walikuwa na msemo unaofaa kabisa hapa, sahani ya santuri, kwa sababu hadi diski nayo ina sahani zinazozunguka na mkono unaosogea juu yake kutafuta mahali pa kusoma, isipokuwa kichwa chake huelea kwenye tabaka jembamba mno la hewa bila kugusa. Ya kwanza kuuzwa, iliyotengenezwa na IBM nchini Marekani mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na kipenyo cha sentimita 61 hivi, na zote kwa pamoja zilibeba herufi milioni 5 tu, nafasi ambayo leo hujazwa na picha moja au mbili za simu.

Wakati huo hapakuwa na haja ya kuiita ngumu, maana hiyo "hadi" ni "hard" ya Kiingereza, yaani ngumu. Haja ilikuja baada ya mwaka 1971, IBM hao hao walipoleta sokoni diski ya plastiki inayopindika, na ikabidi ile yenye sahani za chuma ipate jina la kuitofautisha na hiyo laini. Kwa hiyo ugumu unaotajwa ni wa sahani, wala hauna uhusiano na uimara wa kifaa kizima. Nasisitiza hili kwa kuwa nimewahi kumwona mtu akiiangusha laptopu yake kitandani ikiwa inawaka, huku akinihakikishia kwamba diski yake ni ngumu. Ikiwa inazunguka, hadi diski ni miongoni mwa vitu dhaifu kuliko vyote vilivyomo ndani ya mashine.

SSD haina sahani hata moja, na kuiita diski ni mazoea tu. Herufi zake mbili za kwanza (kwa Kiingereza, solid state drive) zinataja hali yabisi, istilahi ya fizikia iliyotumika kuzitofautisha transista na zile vali za kioo za redio za zamani, na ya tatu inamaanisha kiendeshi, ingawa humo ndani hakuna mota wala chochote cha kuendeshwa. (Yabisi hii, bila shaka, si ile ya yabisi baridi inayowashika wazee magotini.)

Tofauti hiyo ndiyo inayoonekana mtu anapobadilisha. Hadi diski nyingi za laptopu za zamani huzunguka mara 5,400 kwa dakika, maana yake mzunguko mmoja huchukua takriban milisekunde 11 (milisekunde ni sehemu ya elfu ya sekunde), na kila faili linalotafutwa husubiri mkono usogee kisha sahani ilifikishe chini ya kichwa. Kompyuta ikiwaka husoma maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika, na kungoja huko kidogo kidogo ndiko kunakompa mwenye mashine muda wa kwenda kuchemsha chai. SSD hulifikia faili kwa takriban sehemu ya kumi ya milisekunde moja.

Nakiri kwamba wanaokosea wana sababu. Kwenye simu, kadi ya kuhifadhia picha tumeizoea kwa jina la memori kadi; SSD nayo imeundwa kwa chipu za aina moja na za kadi hiyo; na RAM inapojaa, mfumo endeshi huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, hivyo aliyewekewa SSD huona mashine yenye RAM ndogo imechangamka, akaamini kwamba memori ndiyo iliyoongezwa. Hata hivyo, RAM yake ni ile ile ya jana, na akifungua programu nzito nyingi kwa pamoja atalitambua hilo.

Yule kijana angesema, "Nafasi ya kuhifadhi imejaa, nitolee hadi diski uniwekee SSD ya GB 512, na vitu vyangu uvihamishe," fundi angebaki na kazi ya kuangalia tu kama mashine inapokea SSD ya SATA ya inchi mbili na nusu, yenye umbo la hadi diski ya laptopu, au ile nyembamba ya M.2 inayofanana na kipande cha ubani wa kutafuna. Na fundi naye, kabla ya kushika bisibisi, angeweza kumuuliza swali moja dogo: kilichojaa ni kipi?